Kupima Mnyumbuko wa Haraka Kwenye Faiba: Mwongozo Kamili Kuanzia Mtaroni Hadi Kwenye Rekodi

Wengi wanaojaribu kupima mitikisiko ya ardhi kwa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, hukwama mahali palepale. Huunganisha interogeta (kifaa kinachotuma mwanga wa leza ndani ya faiba na kusoma unaorudi) kwenye mkongo, hupata picha yenye mistari mizuri ya magari na nyayo, kisha wanapolinganisha rekodi zao na sismomita (kifaa cha kurekodi matetemeko) iliyozikwa kando hukuta nyakati hazilingani, mahali hapalingani, na ukubwa wa mtikisiko umepishana mara kumi au zaidi. Ni mara chache sana kosa kuwa ndani ya kifaa. Kwa kawaida mpimaji hajui kila chaneli (kipande cha faiba chenye rekodi yake) imeshikana na nini, iko wapi juu ya ardhi, na namba inayotoka ni ya kipimo gani. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili maswali hayo matatu yajibiwe kabla data haijaanza kuchambuliwa.

Mfano nitakaoutumia ni mkongo wa kilomita 2 uliozikwa kandokando ya barabara, kwa lengo la kurekodi mawimbi ya juu ya ardhi yanayosababishwa na magari pamoja na matetemeko ya ardhi ya mbali. Mwenye mkongo mrefu zaidi atafuata utaratibu huohuo, ila namba za Hatua ya 5 zitabadilika.

## Kinachopimwa hasa

Interogeta hutuma mpigo mfupi wa leza ndani ya faiba, na kila kipande cha kioo hurudisha nyuma sehemu ndogo sana ya mwanga huo kwa mtawanyiko wa Rayleigh. Faiba ikivutwa au kubanwa na ardhi, fezi ya mwanga unaorudi, yaani mahali wimbi lake lilipofika katika mzunguko wake, hubadilika, na kifaa hulinganisha fezi ya nokta mbili zilizoachana kwa umbali unaoitwa urefu wa geji. Kutokana na hapo yapo mambo mawili yasiyopaswa kusahaulika hadi mwisho wa kazi. Kwanza, chaneli haipimi nokta moja bali wastani wa mnyumbuko (kurefuka au kufupika kwa faiba kwa kila mita) katika geji nzima. Pili, chaneli huhisi kunyumbuka kwa kufuata mwelekeo wa faiba tu, wala haihisi mtikisiko wa juu na chini jinsi sismomita inavyouhisi.

Nanostraini moja ni badiliko la urefu la nanomita moja kwa kila mita ya faiba. Tutaitumia namba hii mara kwa mara.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Interogeta inayotoa fezi, si ukubwa wa mwanga peke yake. Kifaa kinachotoa ukubwa tu kitakuonyesha kuwa kuna mtikisiko, lakini hakitakupa kipimo chake.
- Mkongo wa faiba ya modi moja, aina ya G.652 au G.657, pamoja na akiba ya kutosha kufika chumba cha vifaa.
- OTDR (kifaa cha kupima upotevu wa mwanga kwa urefu wa faiba) inayopima kwenye nanomita 1550, mashine ya kuungia faiba, kikata faiba, na darubini ya kukagulia konekta.
- Vitambaa visivyoacha nyuzi na pombe ya isopropili.
- Bobini ya faiba ya mita 100 hadi 200 ndani ya sanduku lililojazwa sponji.
- Antena ya GPS ya kusawazisha saa ya interogeta, na kipokezi kingine cha GPS cha kupimia mahali.
- Nyundo nzito ya kilo 5 hadi 8 na bamba la chuma la kupigia.
- Sismomita au jiofoni (kihisi kidogo cha mtikisiko wa ardhi) moja angalau, ya kulinganishia.
- UPS, diski zenye nafasi ya kutosha, na daftari la uwandani.

Tahadhari ya usalama. Mwanga wa nanomita 1550 hauonekani kwa macho, kwa hiyo usitazame kamwe ndani ya ncha ya faiba ukidhani imezimwa kwa sababu huoni kitu. Vipande vya kioo vinavyobaki baada ya kukata faiba huingia kwenye ngozi na ni vigumu kuvitoa; vikusanye kwenye chupa yenye kifuniko. Ikiwa unaazima faiba tupu ndani ya mkongo wa kampuni ya mawasiliano, pata kibali cha maandishi, na hakikisha kutoka pande zote mbili kwamba faiba hiyo haibebi mawasiliano ya mtu yeyote.

## Hatua ya 1: Chagua njia kulingana na wimbi unalotaka

Kwa wimbi la mgandamizo linalosafiri ardhini kwa pembe fulani na mkongo, mwitikio wa faiba hufuata mraba wa kosini ya pembe hiyo. Wimbi linalokuja sambamba na mkongo hupimwa kikamilifu. Kwa pembe ya digrii 60 hubaki robo tu, na kwa digrii 90 faiba iliyonyooka haisikii kitu. Ndiyo maana katika majaribio ya Brady, Nevada, Marekani, Machi 2016, mkongo wa zaidi ya kilomita 8 ulizikwa kwa mtindo wa kupinda huku na huko: upande mmoja ukiwa kiziwi kwa wimbi fulani, upande mwingine hulisikia.

Kama barabara yako imenyooka, magari yanayopita juu yake yatarekodiwa vizuri, lakini tetemeko linalotoka ubavuni litaonekana hafifu. Ukiweza kuongeza tawi la mita 200 linalokwenda pembeni kwa digrii 90, liongeze. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na taarifa linalotoa.

Dalili ya mafanikio: una mchoro wa njia unaoonyesha kila kona, kila shimo la ukaguzi, na kila mahali ambapo mkongo utaviringishwa kwa akiba.

## Hatua ya 2: Zika mkongo ushikane na udongo

Mtaro wa nusu mita hadi mita moja unatosha. Laza mkongo chini bila kuuvuta kwa nguvu, funika kwa mchanga au udongo laini usio na mawe, shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kisha mwagia maji kidogo. Pengo la hewa chini ya mkongo huugeuza kuwa kamba inayoning'inia, na kamba hiyo itarekodi mtikisiko wake yenyewe badala ya ule wa ardhi.

Aina ya udongo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka vipande wakati wa kiangazi, huushika mkongo vizuri kwa miezi kadhaa kisha huuachia. Mahali penye udongo huo, chimba zaidi ya kina cha nyufa au uzungushie mkongo mchanga uliolowa na kushindiliwa, na urudie majaribio ya nyundo (Hatua ya 6) katika kila msimu.

Mkongo ambao faiba yake imebanwa na ganda huhamisha mnyumbuko vizuri kuliko mkongo wa mawasiliano ambao faiba yake inaelea kwenye jeli. Hata hivyo usiukatae mkongo wa mawasiliano uliokwisha kuzikwa. Chuo Kikuu cha Stanford kilitumia faiba iliyolala tu ndani ya mabomba ya mawasiliano, bila kufungwa wala kugandishwa, kuanzia mwaka 2016, na kikarekodi matetemeko ya ardhi. Kwa mitikisiko ya haraka na midogo, uzito na msuguano hutosha. Kwa mabadiliko ya polepole yanayochukua saa au siku, havitoshi.

Penye radi nyingi, chagua mkongo usio na chuma. Penye panya wanaotafuna, ganda la chuma linahitajika, na hapo lazima lifungwe kwenye nyaya za ardhi kwa utaratibu wa mafundi umeme.

Dalili ya mafanikio: ukitembea juu ya mtaro uliofukiwa, udongo haubonyei chini ya kisigino.

## Hatua ya 3: Pima faiba kwa OTDR na ufunge mwisho wake

Usiunganishe interogeta kabla ya kupima faiba. Kwenye nanomita 1550, mstari wa OTDR unapaswa kushuka kwa takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita, na kila muungo upoteze chini ya desibeli 0.1. Mwinuko mkali kwenye mstari ni mwakisi wa konekta chafu au uliotokana na pengo la hewa, na mwakisi mmoja mkubwa unaweza kuifunika sehemu nzima inayofuata.

Tumia konekta za APC zenye rangi ya kijani, ambazo ncha yake imekatwa kwa pembe ili mwanga unaoakisiwa usirudi kwenye leza. Kuunganisha APC na ile ya buluu ya UPC huharibu nyuso zote mbili na huacha pengo. Kagua kwa darubini, safisha, kagua tena, ndipo uunganishe. Fundi anayesafisha bila kukagua hajui kama amesafisha.

Mwisho wa mkongo nao hutoa mwakisi. Faiba ya G.652 unaweza kuizungusha mara kadhaa kwenye kalamu nyembamba hadi mwanga upotee. Faiba ya G.657 imetengenezwa mahsusi ili isipoteze mwanga ikipindwa, na mbinu hiyo ikishindwa kwake si kosa lako: ikate kwa pembe na uizamishe kwenye jeli ya kulinganisha mwanga, au ungia kizuizi kilichotengenezwa kiwandani.

Dalili ya mafanikio: mstari wa OTDR ulionyooka, usio na miinuko, unaozama kwenye kelele mwishoni bila mnara.

## Hatua ya 4: Weka interogeta mahali tulivu na saa sahihi

Leza huhisi pia mtikisiko wa interogeta yenyewe. Feni, mlango unaobamizwa au mtu anayeegemea meza huonekana kwenye chaneli zote kwa wakati mmoja. Weka kifaa juu ya sponji, mbali na jenereta, kisha unganisha ile bobini iliyo ndani ya sanduku kati ya kifaa na mkongo. Bobini hiyo haigusi ardhi, kwa hiyo chochote inachorekodi ni kelele ya kifaa, na utakitoa kwenye chaneli nyingine.

Wapo wanaoondoa kelele hiyo kwa kutoa wastani wa chaneli zote kwenye kila chaneli, katika kila nukta ya wakati. Kwa mkongo mfupi njia hiyo ina hatari. Tetemeko la mbali linalopanda kutoka chini hufika kwenye kilomita 2 zote karibu kwa wakati mmoja, nawe utalifuta pamoja na kelele. Tumia bobini.

Kuhusu saa, sawazisha kwa GPS na uandike kila kitu kwa UTC (saa ya kimataifa). Kwetu kuna mtego wa ziada. Msaidizi anayeandika daftarini "saa 3 asubuhi" anamaanisha 09:00 ya Afrika Mashariki, ambayo ni 06:00 UTC. Mchambuzi aliyezoea kupunguza saa 3 ataisoma kama 03:00, atapunguza, na kupata usiku wa manane. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta mapigo ya nyundo mahali ambapo hayakuwapo kwa sababu hiyo tu. Ikubaliwe kabla ya kazi kwamba daftari lina safu moja ya wakati, na safu hiyo ni ya UTC.

## Hatua ya 5: Chagua mipigo, geji na sampuli

Mipigo kwa sekunde. Mwanga husafiri ndani ya faiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na mpigo mpya hauruhusiwi kuingia kabla wa kwanza haujamaliza kurudi. Kwa kilomita 2, kwenda na kurudi ni maikrosekunde 20, hivyo kikomo ni mipigo 50,000 kwa sekunde. Kwa kilomita 40 kikomo hushuka hadi 2,500. Katika mfano wetu tumia 10,000. Sababu ya kutumia mipigo mingi ni kwamba fezi hujirudia kila inapokamilisha mzunguko: ikibadilika kwa zaidi ya nusu mzunguko kati ya mipigo miwili, kifaa hakiwezi kujua imeelekea wapi, na rekodi hupata mruko wa uongo. Kwa geji ya mita 10, nusu mzunguko ni nanostraini 34 hivi. Lori zito likipita mita moja kutoka kwenye mkongo linaweza kuvuka kiwango hicho ikiwa mipigo ni michache.

Urefu wa geji. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi bila kujua. Geji ndefu hutoa fezi kubwa kwa mnyumbuko uleule, kwa hiyo kelele hupungua, na mtu huvutiwa kuirefusha. Lakini wimbi ambalo urefu wake ni sawa na geji hupotea kabisa, kwa kuwa sehemu inayovutwa na inayobanwa hufutana ndani ya chaneli moja. Chukua udongo laini ambamo wimbi husafiri kwa mita 200 kwa sekunde. Kwa hezi 20 urefu wa wimbi ni mita 10, na geji ya mita 10 haitaliona. Kwa hezi 10 wimbi ni mita 20, na geji hiyo itaonyesha asilimia 64 tu ya ukubwa halisi. Geji ya mita 5 ingeonyesha asilimia 90. Kanuni yangu ni kwamba geji isizidi robo ya wimbi fupi zaidi unalolihitaji. Ukitaka hezi 10 katika udongo huo, geji ni mita 5.

Urefu wa mpigo. Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, mpigo wa nanosekunde 50 huchanganya takriban mita 5 za faiba. Kipande hicho kisiwe kirefu kuliko geji.

Sampuli na chaneli. Baada ya kukunjua fezi (kuunganisha mizunguko yake iwe mstari mmoja usiokatika), chuja uondoe marudio ya juu, yaani mitikisiko ya haraka, kisha punguza hadi sampuli 500 kwa sekunde. Ukipunguza bila kuchuja kwanza, mitikisiko ya haraka itajigeuza kuwa ya polepole na hutaweza kuitenganisha tena. Kwa chaneli moja kila mita 2, kilomita 2 ni chaneli 1,000; kwa sampuli 500 za baiti 4 kila moja, hiyo ni megabaiti 2 kwa sekunde, karibu gigabaiti 173 kwa siku. Nunua diski kwa hesabu hiyo, na uhifadhi kwa HDF5 (muundo wa faili za data) ili namba na maelezo yake vikae faili moja.

Dalili ya mafanikio: rekodi ya dakika tano usiku, ambamo chaneli za bobini ni tulivu kuliko za ardhini, na hakuna miruko ya ghafla inayodumu.

## Hatua ya 6: Tafuta kila chaneli iko wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoomba isirukwe. Umbali unaosomwa na interogeta ni umbali wa mwanga ndani ya kioo. Faiba ndani ya mkongo imesokotwa na ni ndefu kuliko ganda lake kwa asilimia moja au zaidi, mafundi wameviringisha mita 20 au 30 za akiba katika kila shimo la ukaguzi, na njia yenyewe ina kona. Katika kilomita 2 zenye mashimo matatu, chaneli ya mwisho inaweza kuwa zaidi ya mita 100 kutoka pale ramani inapoionyesha.

1. Tembea njia nzima ukiweka alama kila mita 50, na penye kila kona na kila shimo. Chukua GPS ya kila alama.
2. Weka bamba la chuma mita 1 hadi 2 kando ya mkongo. Piga mara kumi, ukiachia sekunde tano kati ya mapigo. Andika UTC ya pigo la kwanza.
3. Fungua rekodi ya dakika hiyo, jumlisha mapigo kumi ili kelele ipungue, na uchore wakati dhidi ya chaneli. Utaona umbo la V.
4. Ncha ya V ndiyo mahali pako. Usitafute chaneli yenye mtikisiko mkubwa zaidi. Chaneli iliyo ubavuni kabisa mwa nyundo huwa hafifu kwa ile sababu ya pembe iliyoelezwa katika Hatua ya 1, na zenye nguvu huwa pembeni yake kulia na kushoto. Tafuta kitovu cha ulinganifu wa nyakati za kuwasili.
5. Tambua akiba zilizoviringishwa. Chaneli zake zote hutikisika pamoja, kwa hiyo V hukatwa na kipande kilicholala. Ziondoe kwenye orodha.
6. Kati ya alama mbili zilizo kwenye mstari ulionyooka, gawanya umbali sawasawa.

Kisha thibitisha kwa gari. Mwombe dereva aendeshe kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kwenye picha anapaswa kuchora mstari ulionyooka unaofunika mita 1,000 kwa sekunde 100. Mstari ukijipinda au kuruka, ramani yako ya chaneli ina kosa mahali hapo.

Dalili ya mafanikio: jedwali lenye chaneli, latitudo, longitudo, mwelekeo wa faiba, na alama ya "tumia" au "acha".

## Hatua ya 7: Geuza fezi kuwa mnyumbuko

Soma maelezo ya kifaa chako ujue kinatoa nini: fezi, badiliko la fezi kati ya sampuli, mnyumbuko, au kasi ya mnyumbuko. Kuchanganya mnyumbuko na kasi yake hubadilisha umbo la wimbi na vilevile ukubwa wake. Ukiwa na fezi, hesabu ni hii:

mnyumbuko = (fezi × urefu wa wimbi la leza) ÷ (4π × kipeo cha kioo × geji × 0.78)

Urefu wa wimbi ni nanomita 1550 na kipeo cha kioo, yaani mara ambazo mwanga hupunguza mwendo ndani yake, ni 1.468. Namba 0.78 inatokana na kwamba kioo kikivutwa, kasi ya mwanga ndani yake nayo hubadilika kidogo. Kwa hesabu hii, radiani moja ni kurefuka kwa nanomita 108. Kwa geji ya mita 10 ni nanostraini 10.8, na kwa geji ya mita 5 ni 21.5. Kama namba zako haziko karibu na hizo, kuna kizidishio kilichosahaulika.

Joto nalo hubadilisha fezi. Digrii moja ya selisiasi hufanana na mnyumbuko wa takriban nanostraini 10,000, kwa hiyo hata sehemu moja ya elfu ya digrii huweza kufunika tetemeko dogo. Joto la ardhini hubadilika polepole, nawe utaliondoa kwa kuchuja kila kilicho chini ya hezi 0.1, isipokuwa kama hicho ndicho unachokitafuta.

Hatimaye kagua alama. Watengenezaji hawakubaliani kama kurefuka ni chanya au hasi. Vuta polepole kipande cha faiba kilicho wazi ndani ya chumba, uone namba inaelekea wapi, na uandike ndani ya faili.

## Hatua ya 8: Linganisha na sismomita

Zika sismomita kando ya chaneli unayoijua mahali pake, ukielekeza mhimili wake mmoja wa kupima mtikisiko wa mlalo sambamba na mkongo. Wimbi linalosafiri kwa kufuata mkongo lina uhusiano rahisi: mnyumbuko ni sawa na kasi ya kusogea kwa chembe za ardhi ikigawanywa kwa kasi ya wimbi hilo kando ya mkongo. Ardhi ikisogea kwa nanomita 1,000 kwa sekunde, na wimbi likipita mkongo kwa mita 2,000 kwa sekunde, tarajia nanostraini 0.5. Kasi hiyo usiibuni. Ipime kwenye picha yenyewe, kwa mteremko wa wimbi kutoka chaneli hadi chaneli. Alama hugeuka ikiwa wimbi linatoka upande wa pili.

Linganisha katika marudio ambayo vifaa vyote viwili vinayaona, kwa mfano hezi 0.5 hadi 5. Umbo likifanana na nyakati zikilingana, lakini ukubwa ukiwa mdogo kwenye faiba kwa chaneli chache tu, rudi kwenye mtaro mahali hapo na ushindilie upya. Ukubwa ukipungua kwa kiwango kilekile kwenye chaneli zote, rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 7, ukianza na geji. Nyakati zikipishana kwa kiasi kisichobadilika, kagua saa. Zikipishana zaidi kadiri unavyokwenda mbali, kagua ramani ya chaneli. Mimi huridhika pale mawimbi mawili yakichorwa juu ya mengine yanapolingana kilele kwa kilele na ukubwa wao haupishani kwa zaidi ya theluthi moja. Kuanzia hapo chaneli nyingine zilizozikwa kwa namna ileile zinaweza kusomwa kwa imani hiyohiyo.